Helikopta ya Watu Wanane

Watu wa Kendu Bay wakisikia helikopta hutoka nje. Mama mwenye sufuria mkononi hutoka nayo, mwalimu huacha chaki, na hata mgonjwa aliyeletwa hospitalini kwa machela huinua shingo. Sajenti yeye alikuwa akiingia ndani. Alivuta pazia, akaketi, akafumba macho na kusikiliza, kisha akatutangazia sisi tuliobaki mlangoni kwamba hiyo ina injini moja, imejazwa mafuta kupita kiasi, rubani ana haraka, na mheshimiwa aliyemo ndani amekula vizuri. Tulipomuuliza kwa nini asitoke aione, alisema ameziangalia helikopta miaka ishirini na mitatu akilipwa mshahara, na haoni sababu ya kuanza kuziangalia bure.

Alikuwa fundi wa helikopta jeshini, akastaafu na cheo chake cha sajenti, akarudi nacho nyumbani na kukitumia kama jina. Mchungaji alimwita Sajenti. Wajukuu walimwita Sajenti. Jina lake halisi silitaji, kwanza kwa sababu yeye angeandika barua ya kulalamika kwa mkuu wangu wa kambi, na pili kwa sababu halina kazi hapa.

Naandika habari zake kwa kuwa mwaka huu nilipewa kazi ambayo yeye aliisubiri maisha yake yote asiipate: kuwa mmoja wa watu wanaochagua helikopta ya jeshi. Na kwa kuwa kitinda mimba wake ni askari, yuko kwenye kambi ya mbali, juu ya mwinuko wa mawe na joto, ambako majeruhi hutolewa kwa lori kupitia barabara iliyotegwa mabomu. Akiumia, helikopta niliyokuwa nachagua ndiyo ingekwenda kumchukua. Mambo haya mawili yalipaswa kukaa mbali. Yalikutana juu ya meza ya chakula ya Sajenti, na hadi leo mimi na yeye hatujasemezana vizuri.

Mimi ni mtoto wa Migori mjini, nikapelekwa shule ya bweni Kendu Bay. Sajenti alikuja shuleni kwetu kila Ijumaa kufundisha klabu ya sayansi. Mwalimu mkuu alidhani ametumwa na ofisi ya elimu, na ofisi ya elimu haikuwahi kusikia habari zake. Alijituma mwenyewe. Siku ya kwanza alifika na bereti iliyopigwa pasi, spana moja kubwa, na mzani wa kupimia watu. Akatupima wasichana wote ishirini na saba, akaandika kilo zetu ubaoni, kwa herufi kubwa, na majina. Kulikuwa na kilio siku hiyo. Mimi ndiye niliyeongoza orodha.

Kisha akatuambia helikopta yetu inaweza kubeba kilo mia sita, vita viko kilomita mia moja, na tuchague nani abaki. Tulishauriana dakika mbili tukawaacha viranja wote chini. Alifurahi sana. Alisema hilo ndilo jibu la kwanza la akili alilolisikia tangu atoke jeshini, halafu akatugeuzia kibao: sasa ni saa nane mchana, jua limewaka, kilo mia sita zimekuwa mia tatu na hamsini, nani mwingine anashuka? Hapo tulianza kutazamana vibaya. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alipendekeza mimi nishuke, na hatukuongea mpaka Jumatatu.

Hiyo saa nane ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya kusali Jumamosi, na alikuwa mzee wa kanisa. Alieleza kwamba hewa ikipata joto huwa nyepesi, mapanga ya helikopta yanazunguka lakini hayapati cha kushika, na chombo kilichobeba watu kumi asubuhi kinakataa kuinuka na watano mchana. Ukienda mahali pa juu, mambo yanazidi kuharibika. Ukiweka kichujio cha vumbi, injini inapumua kwa shida. Ukiongeza vyuma vya kuzuia risasi na bunduki ya mlangoni, umebeba watu wawili wa chuma ambao hawatashuka kamwe. Kwa hiyo kila chombo kina nguvu mbili, ya karatasi na ya saa nane, na wanaonunua hununua ile ya karatasi kwa sababu ndiyo iliyoandikwa vizuri.

Tungeweza kuvumilia kama angeishia kwenye helikopta. Lakini alipima kila kitu hivyo. Mpwa wake alipoleta mchumba nyumbani, msichana mzuri wa Homa Bay mwenye kazi benki, Sajenti alimsikiliza akijieleza, akamshukuru, kisha akamvuta mpwa kando na kumuuliza kwa sauti ambayo sote tuliisikia kwamba huyu saa nane yukoje. Msichana alijibu mwenyewe kutoka sebuleni kwamba saa nane huwa kazini. Wameoana, wana watoto watatu, na hadi leo bibi huyo hamwaliki Sajenti kwa chakula cha mchana.

Mke wake ni Mkuria, wote tunamwita Mama, na huko kwao Kehancha shemeji mmoja aliwahi kumwomba ushauri wa pikipiki ya boda boda. Sajenti alichukua daftari. Akauliza mzigo, mwinuko, matope, vumbi, umbali wa fundi na bei ya spea. Wiki mbili alifanya hesabu. Pikipiki aliyochagua haikuharibika hata siku moja, ilipanda vilima vya mashamba ya tumbaku ikiwa na magunia mawili, na hakuna abiria aliyeikaribia, kwa sababu ilikuwa mbaya kwa sura na ilinguruma kama mashine ya kusaga. Shemeji alibaki nayo kijiweni siku nzima, salama kabisa, akiangalia wenzake wakipata wateja kwa pikipiki zinazoharibika. Sajenti aliposikia alisema kosa ni la abiria.

Na yeye mwenyewe? Alikuwa na pikapu ya zamani ambayo kwenye mlango imeandikwa uzito inaoruhusiwa kubeba, kwa rangi nyeupe, mwandiko wake. Nilimwona akirudi nayo kutoka kwa wakwe na magunia sita ya mahindi, mbuzi, godoro, shemeji wawili juu ya godoro, na kuku wasiohesabika. Springi za nyuma zilikuwa zimelala kabisa. Nilimwonyesha maandishi ya mlangoni. Aliyatazama kwa muda akasema hii haipai, na akaomba nimsaidie kushusha mbuzi.

Jambo jingine nililipata kwa Mama, jikoni, nikichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Sajenti aliogopa kupaa. Katika miaka ishirini na mitatu aliruka mara nne tu, zote kwa amri, na mara zote nne alitapika, moja ndani ya bereti. Mama alisimulia hili bila kucheka, akamalizia kwamba ndiyo maana mume wake alikuwa fundi mzuri: kila nati aliikaza akifikiria tumbo lake. Sikuwahi kumwambia Sajenti kwamba najua. Ni moja ya adabu chache nilizomfanyia.

Huku kwetu mtu mkubwa hazikwi bila helikopta. Haimbebi marehemu, inambeba mheshimiwa anayekuja kusema kwamba marehemu alikuwa rafiki yake. Na kabla helikopta haijafika, kuna kazi ya kumwagia maji uwanja. Hili ni jambo la heshima. Mgeni hawezi kushukia vumbi. Kama gari la maji la kaunti halikupatikana, vijana hubeba madumu kutoka ziwani na kamati ya mazishi husimama kando ikisimamia maji yaingie kila pembe.

Nilikuwa naye kwenye mazishi fulani upande wa Homa Bay. Walimwagia uwanja wa shule tangu saa moja asubuhi, na mheshimiwa alisema atafika saa tatu. Saa tatu ikapita. Saa tano kwaya ikarudia nyimbo. Maji yote yaliyokuwa ya kupikia wageni yalikwisha kwenye nyasi, jua likayanywa, na saa nane kamili helikopta ikatokea juu ya kilima. Ilipofika chini, uwanja mzima uliinuka. Hatukuona helikopta, hatukuona shule, hatukuonana. Hema ikaanguka juu ya kwaya. Rubani alibaki akining'inia humo ndani ya vumbi, hajui ardhi iko wapi, akarudi juu, akajaribu tena. Sajenti alikuwa chini ya turubai pamoja na sauti ya pili na ya tatu. Alitoa kichwa, nyusi zikiwa nyeupe, akaniuliza kama nimeona vizuri, kwa sababu hapo ndipo helikopta nyingi za vita hufia, na hakuna adui aliyezipiga. Alikuwa na furaha isiyofaa mazishini.

Mwaka uliofuata, kwenye mazishi mengine, kijana wa video alirusha droni kupiga picha za jeneza. Safari hii Sajenti hakufurahi. Alisimama akiwa ameshika kofia, akiifuata kwa macho, na mchungaji alipoomba tuinamishe vichwa yeye aliinua chake. Baadaye alinieleza, akichora kwa fimbo chini. Alipoanza kazi adui alikuwa na bunduki, ukipaa juu umemkwepa. Halafu adui akapata roketi ya begani, ikabidi ushuke chini uende sambamba na miti. Sasa adui ana hiki kidude cha kupigia picha za arusi, kinaona juu, kinaona chini, kinasubiri utue ndipo kije. Helikopta iliyokuwa bora mwaka juzi leo ni nzuri ya kubebea mchele. Alisema wakubwa wote duniani huchagua chombo cha vita walivyomaliza, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyovielewa, na wale wa vita vinavyokuja bado wako sekondari wanachezea simu. Nilimuuliza basi mtu achague nini. Akasema achague kile ambacho udhaifu wake umeandikwa wazi, ili anayekiendesha ajue siku ya kukikataa.

Hilo la mwisho niliandika kwenye daftari, na ndilo lililonipeleka jeshini, kama ukweli lazima usemwe. Nilisomea uhandisi wa ndege, nikapata nyota zangu, nikawa kapteni. Nilipokwenda kumsalimia na sare, Sajenti alitoka uani, akasimama wima kwenye kinyesi cha kuku, akanipigia saluti safi kuliko yoyote niliyowahi kupigiwa kambini. Nilitaka kulia. Kisha akaniuliza kama afande bado anaongoza kwa kilo.

Kuanzia hapo niliitwa afande. Hata kwa simu. Tuliongea Kiswahili siku zote, kile cha kambi, kwa sababu ndicho lugha ya nyumba yake. Mama hakuwahi kukubali Kijaluo kimzidi, na Sajenti hakuwahi kukubali kwamba Kikuria ni lugha. Kijaluo alikitoa akiwa amekasirika au akiwa na huruma, mara chache.

Basi nikawekwa kwenye kamati. Tulikuwa saba, na mimi ndiye mhandisi pekee. Jeshi lilitaka helikopta za kubeba askari na majeruhi kwenye ile nchi ya mawe, na karatasi za mwito wa zabuni zilisema chombo kibebe watu wanane. Kampuni moja ya ng'ambo ilileta chake kifanyiwe majaribio. Fomu ya majaribio niliitunga mimi. Nilikaa nayo usiku na mchana nikiisikia sauti ya Sajenti, nikaandika: kutua kwenye vumbi, kupaa saa nane, tangi limejaa, vyuma vya kinga vimefungwa, askari wanane na mizigo yao. Wote wakaisifu. Nilijiona nimefika.

Majaribio yakapangwa saa moja asubuhi, kwa sababu wageni walikuwa na ndege ya saa sita. Yakapangwa kwenye kambi ya tambarare yenye baridi, kwa sababu huko ndiko kuna jiko zuri. Nilipofika nikakuta mahema yenye vitambaa vyeupe, na uwanja wote wa kutua ni tope laini jeusi. Mkuu wa kambi alikuwa ameumwagia maji siku mbili. Nilimwambia afande, kuna kipengele cha vumbi. Alinitazama kama mtu aliyeomba wageni wapewe maji machafu ya kunawa, akaniuliza kama kwetu mgeni hulishwa vumbi. Nikakumbuka kwetu.

Helikopta ikatua, ikapaa, ikatua tena. Nzuri sana. Wenzangu wakatia alama kwenye kipengele cha vumbi. Mimi niliandika kwamba vumbi halikuwapo, nikaulizwa mbele ya watu kama ninalalamikia usafi wa kambi. Vyuma vya kinga vilikuwa bado kwenye meli. Tangi lilikuwa nusu. Kisha wakaja wale askari wanane wa kubebwa, na hapo nusura nicheke, kwa sababu walikuwa wametolewa kwenye timu ya mbio ndefu. Vijana wembamba, magoti kama ngumi, wamevaa raba na fulana, hawana mkoba wala bunduki. Waliingia humo ndani wote wanane, wakabaki na nafasi ya kupunga mkono. Wageni walipiga makofi.

Nilimpigia Sajenti jioni nikamsimulia. Alicheka hadi akakohoa, akataka nirudie habari za wale wakimbiaji, akamwita Mama asikie pia. Niliwasikia wote wawili wakicheka. Halafu akaniuliza, kwa sauti nyingine, hizo helikopta zinakwenda kambi gani. Nikamtajia. Akasema sawa afande, akakata. Nilikuwa nimesahau, katika utamu wa kusimulia, kwamba kijana wake yuko huko. Sijui mtu anasahauje kitu kama hicho, lakini nilisahau.

Fomu ilirudi mezani kwangu ikiwa na sahihi sita. Ulikuwa umebaki mstari mmoja wa mhandisi: idadi ya watu ambao chombo kitabeba katika mazingira ya kazi. Mwenyekiti alinieleza kwa upole, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Nikiandika wanane, helikopta zitakuwa kambini ndani ya miezi michache. Nikiandika pungufu ya wanane, masharti ya mwito yamevunjika, kila kitu kinafutwa, kamati mpya, mwito mpya, na askari waendelee na lori kwa muda ambao hakuna anayeujua. Alisema nichukue wikendi nifikirie. Nilichukua basi la kwenda nyumbani, nikalala Migori kwa mama yangu, na Jumapili nikaenda Kendu Bay.

Sajenti alikuwa amezeeka tangu nilipomwona mara ya mwisho. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba. Mama alituwekea ugali wa wimbi na samaki, tukala bila kutaja kilichonileta, na alipoondoa sahani nikaweka karatasi mezani. Alianza na kitabu cha picha cha kampuni, na kwa robo saa alikuwa yule yule wa zamani. Askari wa kwenye picha hana hata jasho kwapani, alisema. Bonde hili lina nyasi mbichi, hii ni vita ya kuchunga ng'ombe. Na huyu rubani mbona anatabasamu, ameona nini huko mbele. Nilicheka kwa moyo mweupe. Nilidhani tumefika kwenye ile sehemu ambapo ananiambia la kufanya.

Akaomba penseli. Akaandika kimo cha kambi, joto la saa nane, tangi lililojaa, vyuma, bunduki, kichujio, askari na mikoba yao. Alifanya hesabu yote kwa mkono, polepole, akilamba ncha ya penseli. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari mfukoni na sikumwambia. Alipofika mwisho alipigia mstari. Wanne.

Aligeuza karatasi akaanza upya. Safari hii alipunguza joto kidogo, nikamwona, sikusema kitu. Akapunguza mafuta. Akatoa bunduki moja. Halafu akasimama, akavirudisha vyote, kimoja kimoja, kwa sababu hakuweza kujizuia kuwa fundi. Wanne tena. Mama akauliza kutoka jikoni imetoka ngapi. Sajenti akamjibu kwamba bado anahesabu.

Kisha akavua miwani, akasukuma fomu kwangu.

"Andika wanane," akasema.

Nilifikiri ananitania. Nilingoja acheke.

"Mzee, umepata wanne. Mara mbili."

"Nimeona nilichopata. Andika wanane. Ndege zije. Ukiandika nne hawa watu watarudi mwanzo, na hiyo mambo yao unajua vile inakaa. Kijana yuko kwa lori, nyathina. Kila wiki yuko kwa hiyo barabara. Ndege ya watu wanne si ni afadhali kuliko hakuna?"

Hakuniita afande. Nilikuwa sijasikia nyathina, mwanangu kwa Kijaluo, tangu nivae nyota, na ilinipata vibaya. Nikamwambia ndiyo, ya wanne ni afadhali, lakini siyo kama imeandikwa wanane. Siku moja atakuja rubani mgeni, kamanda atakuwa na majeruhi wanane, karatasi itasema wanane, itakuwa saa nane, na watapakia. Wataanguka wote, kumi pamoja na marubani. Na mmoja wao anaweza kuwa huyo huyo.

"Rubani si mjinga," akasema. "Atajua."

"Wewe ndiye ulinifundisha kwamba hatajua. Kwa miaka minne, kila Ijumaa."

Alifuta meza kwa kiganja, ingawa hapakuwa na kitu.

"Nilikufundisha wakati sikuwa na mtoto huko," akasema.

Nilikusanya karatasi. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na taulo begani, na nilijua amesikia, na sikuthubutu kumwangalia. Katika miaka yote ya kumcheka yule mzee, saa nane zake, bereti yake, mizani yake ya kudhalilisha wasichana, sikuwahi kufikiria kwamba siku moja mimi ndiye nitakayeamini maneno yake na yeye ndiye atakayeyakataa. Nilimwonea uchungu. Pia nilikasirika, lazima niseme, kwa sababu nilikwenda kwake ili mtu mwingine abebe lile jibu, na akanirudishia.

Jumatatu niliandika wanne. Nikatia sahihi, nikaandika chini yake sababu zote, na kipengele cha vumbi nikakieleza kwa ukurasa mzima, maji ya siku mbili na yote. Mwenyekiti alisoma, akatikisa kichwa, akasema mimi ni mhandisi mzuri. Mambo yalikwenda kama alivyosema. Mwito ulifutwa, kamati mpya ikaundwa, na mimi simo. Nasikia wanataka sasa chombo cha kubeba watu kumi na wawili.

Kijana wa Sajenti bado yuko kule juu ya mawe. Humtumia mama yake ujumbe kila akimaliza ile barabara, neno moja tu, nimefika. Kila Jumapili mimi hupiga simu Kendu Bay, na ni Mama anayeipokea. Tunaulizana afya, ananiambia mvua imekuwaje, ananiambia kijana ameandika lini. Namuuliza Sajenti. Ananiambia yuko hapa, ameketi, amekataa simu.

Juzi nilimwomba Mama amuulize kwa nini hataki simu yangu, na amwambie jambo moja: kwamba niliandika ile hesabu aliyoifanya yeye, kwa mkono wake, na sikuongeza wala kupunguza. Nikasikia Mama akiweka simu kifuani na kumwambia, nikasikia sauti yake kwa mbali, fupi. Mama alikawia kurudi.

"Anasema anajua," akaniambia. "Anasema ndiyo maana."